Koki ya Adhuhuri

Jumatatu, 3 Machi

Maji: lita kumi na nane.

Vaileth, msimamizi wetu wa uzalishaji, alinipa kaunta buku ya kwaya mbili niandike humo kila siku kiasi cha maji yanayotoka kwenye tangi la hewa. Baadaye akakumbuka kwamba ofisi inataka hesabu hiyo iandikwe kwenye fomu iliyobandikwa ukutani. Daftari hakulidai tena. Basi ninalo, kurasa zote nyeupe, na kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na nusu sina mtu wa kuzungumza naye. Nitaandika.

Kiwanda chetu hapa Mikocheni kinatengeneza vitanda vya chuma vya shule za bweni. Rangi tunayotumia ni ya unga. Inapulizwa kwa hewa ya kompresa, kisha kitanda kinaingizwa kwenye tanuri, unga unayeyuka na kushika. Hewa hiyo naitengeneza mimi. Hewa ya Dar imebeba maji, na ukiibana ndani ya kompresa maji yanatoka kama nguo inayokamuliwa. Yakifika kwenye rangi, kitanda kinatoka tanurini kimejaa vipele. Kwa hiyo chini ya tangi kuna vali inayojifungua yenyewe kila baada ya dakika nne na kuyatema nje: shaaa. Yanayoponyoka hapo yanamaliziwa na draya, mashine ya kukausha hewa, ambayo feni yake imechoka tangu Januari. Nimeandika barua mbili kuhusu feni hiyo. Zote mbili zilijibiwa kwa tabasamu.

Kibanda cha kompresa kiko nyuma kabisa, na kwa sababu ya kelele hakuna anayefika huko kwa hiari yake. Leo wamefika. Stoo imejaa vitanda vinavyosubiri kusafirishwa, na wenzetu Waislamu waliokuwa wakiswali humo wamehamia kwenye baraza iliyo nyuma ya ukuta wangu. Ni siku ya pili ya Ramadhani. Walikuwa kumi na mmoja, wakiongozwa na Mzee Salumu, fundi wetu wa rangi. Niliwatazama kupitia dirisha la matofali ya matundu. Walipoinama, vali yangu ikatema, na bomba lake linaishia palepale chini ya baraza. Kijana mmoja wa mwisho wa safu alishtuka, mwenzake akabana kicheko. Nilijisikia kama mtu aliyepiga chafya kanisani.

Jumanne, 4 Machi

Maji: lita kumi na nane na nusu.

Kabla ya vali ile kuna koki ndogo ya mkono. Saa saba kasorobo, nilipowaona wanatandika mikeka, niliifunga. Kimya. Walipomaliza nikaifungua. Dakika ishirini hazina madhara, tangi lina nafasi.

Mzee Salumu alipokuwa anavaa viatu alisogea dirishani akaniuliza hali. Nikamwamkia, akaitikia, tukaongea kidogo juu ya joto. Haikufika dakika tatu. Mchana mzima nilikuwa na furaha ya kijinga.

Jumatano, 5 Machi

Maji: lita kumi na nane. Koki nimefunga, nimefungua. Salumu kaja tena dirishani.

Ijumaa, 7 Machi

Maji: lita kumi na tisa. Leo wamekwenda msikitini kwa swala ya Ijumaa. Baraza tupu. Sikujua kwamba wiki moja inatosha mtu kuzoea kitu.

Jumatatu, 10 Machi

Maji: lita kumi na tisa.

Niandike kidogo juu ya Salumu. Ana miaka sitini na mmoja, mtu wa hapahapa Dar, amezaliwa Mbagala wakati bado kuna mikorosho. Ameshika bunduki ya rangi hapa kiwandani miaka ishirini na tatu. Kila asubuhi, kabla hajaanza, anatoa kioo kidogo mfukoni, cha kunyolea ndevu, anakipulizia hewa ya kompresa kwa muda, kisha anakitazama kwenye mwanga. Kikiwa na ukungu au kitone, hagusi rangi. Kikiwa kikavu, anapita uani, anakiinua juu kuelekea dirishani kwangu nikione, anarudi kazini. Miaka yote hiyo nilidhani ni madoido ya wazee. Siku hizi saa mbili na robo najikuta nimesimama dirishani namngoja.

Alhamisi, 13 Machi

Maji: lita kumi na tisa na nusu.

Salumu aliniuliza kama nakaa peke yangu. Nikamwambia kwamba mke wangu Kokushubila alifariki masika ya mwaka juzi, na mwanangu Hope ameolewa Mwanza. Nikamwambia nyumba ya Chamazi ni kubwa kuliko mimi. Hakunipa maneno yale ya kufariji ambayo kila mtu anayo tayari mdomoni. Alisema tu, "Pole, Fundi Reve. Kimya cha nyumba kizito." Kisha akaenda zake kupaka rangi.

Sijasema habari hizo kwa sauti tangu mazishi. Nimezisemea kwenye tundu la tofali.

Jumatano, 19 Machi

Maji: lita ishirini na mbili. Mawingu yamejikusanya upande wa kusini. Draya inapumua kwa shida. Barua ya tatu nimepeleka.

Jumatatu, 24 Machi

Maji: sijui. Nitaeleza kesho. Nimechoka na mvua ni kubwa.

Jumanne, 25 Machi

Nieleze vizuri, maana hapa ndipo mahali pekee nitakapoeleza.

Jana mvua ya masika ilianza rasmi. Saa saba kasorobo nilifunga koki kama kawaida. Wakati wanaswali, simu ikatetemeka mfukoni: Hope. Hunipigia mara moja kwa mwezi, labda. Humu ndani siwezi kusikia simu, na sikio la kulia limeshaharibika kwa kazi hii, kwa hiyo nilijifunika gunia nikatoka mpaka kwenye kibanda cha mlinzi getini. Hope alisema Pasaka hawatakuja, mumewe amehamishwa kituo, labda Desemba. Nikamwambia hakuna shida. Akaniuliza nakula nini, nikadanganya. Tuliongea nusu saa, na nilirefusha mimi, namuuliza mpaka habari za majirani zake. Nilirudi nimelowa, nikaketi kwenye kiti changu kumfikiria yeye na nyumba, mpaka kengele ya kutoka ikalia.

Koki sikuifungua.

Asubuhi hii nimeikuta imefungwa. Nilipoizungusha, yalitoka maji ya rangi ya chai, yakaendelea kutoka, zaidi ya nusu ndoo. Siku nyingine zote hayakai humo zaidi ya dakika ishirini. Mchana mzima wa jana yalijikusanya, draya mbovu ikashindwa, na maji yakasafiri kwenye bomba hadi kwa Salumu.

Tanuri hufunguliwa asubuhi likishapoa. Ndani kulikuwa na vitanda thelathini na sita vilivyopigwa rangi baada ya adhuhuri. Niliviona kutoka mbali wakivitoa uani. Vipele kila mahali, kama ngozi ya mtu mwenye tetekuwanga.

Na hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo sikudhani naweza kulifanya. Nilisikia viatu vya Vaileth vinakuja. Fomu ya ukutani ilikuwa bado haijajazwa ya jana. Nikashika kalamu nikaandika: lita ishirini na tatu, vali inafanya kazi. Kalamu haikutetemeka hata kidogo.

Aliniamkia, akaisoma fomu, akasema, "Asante baba, basi si hewa." Akatoka.

Jumatano, 26 Machi

Maji: lita ishirini na tatu. Haya ni ya kweli.

Kulikuwa na kikao uani. Vaileth si mtu mbaya, niseme hivyo. Ni msichana wa Mbeya aliyesoma, ana haraka, na mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma yake. Alisema hewa ilikuwa sawa, fomu inaonyesha, na hata fundi mwenyewe alipima asubuhi kwa kioo chake akasema kavu. Kwa hiyo kosa liko kwenye kuosha chuma au kwenye mkono wa mpaka rangi. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba mwezi wa mfungo watu wazima wanachoka, wanakimbilia futari, si dhambi, lakini kazi inaharibika.

Nilimtazama Salumu. Watu wote walimtazama. Amefunga Ramadhani hapa mara ishirini na tatu na hakuna kitanda kilichowahi kurudi. Alikuwa amesimama mikono nyuma, anatazama kitanda kimoja kilichokuwa karibu naye. Hakujitetea. Akaambiwa kuanzia kesho atakuwa idara ya kuosha vyuma na bunduki atashika Jamali. Aliuliza swali moja tu, kama kioo aondoke nacho, maana ni chake.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake. Hatua tano, na domo zito.

Alhamisi, 27 Machi

Maji: lita ishirini na tatu. Koki sikuifunga. Vali imetema mara tano wakati wa swala. Sikuchungulia dirishani. Salumu hakuja.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Lita ishirini na nne.

Jumatatu, 31 Machi

Iddi. Kiwanda kimefungwa. Nimeshinda nyumbani. Kuna mechi uwanjani hapa Chamazi, kelele za watu zinakuja na kuondoka pamoja na mvua. Nimepiga pasi mashati manne, na ninavaa mawili tu.

Jumatano, 2 Aprili

Maji: lita ishirini na tano.

Kwenye kizingiti cha dirisha nimekuta kontena la plastiki limefungwa kwa kanga kuukuu. Pilau. Najua mkono wa Mama Chausiku, mke wa Salumu, maana Iddi ya mwaka jana alituletea wote. Mwaka huu sikutegemea. Hakuna aliyesimama hapo, hakuna neno.

Mtu mwenye aibu angeshindwa kumeza. Mimi nilikula lote, mpaka punje zilizoshika pembeni, kwa sababu lilikuwa tamu na kwa sababu nilikuwa na njaa ya chakula kilichopikwa na mtu. Nikaosha kontena. Sijui nitalirudishaje.

Mchana malori yalikuja, stoo ikawa tupu. Watu wamerudi kuswalia huko.

Alhamisi, 3 Aprili

Baraza tupu. Vali inatema, hakuna wa kumsumbua. Lita ishirini na tano.

Jumatano, 9 Aprili

Lita ishirini na sita. Mvua siku ya sita mfululizo. Namwaga kwa mkono pia, kila nusu saa, nisije nikamponza na huyu Jamali. Jamali hajui kioo. Anapiga rangi huku anaimba singeli chini ya barakoa. Kijana mzuri, hana kosa.

Jumanne, 15 Aprili

Maji: lita ishirini na sita.

Nimepita idara ya kuosha kwa kisingizio cha kukagua mpira wa hewa. Huko vyuma vinachovywa kwenye dawa ya kutoa kutu na mafuta. Salumu alikuwa na glovu zilizochanika. Anakohoa. Nilimwamkia, akaitikia vizuri tu, akaniuliza hali ya Chamazi, kama barabara inapitika. Niliinamisha macho nikajifanya natazama mpira. Ameniona nikiinamisha.

Jioni, wakati nafunga kibanda, nilisimama mbele ya bomba la vali na wazo likanijia ambalo lingekuja mwezi uliopita lingeokoa kila kitu. Mpira wa mita tatu. Ningechomeka mpira kwenye mdomo wa bomba, nikaupeleka nyuma ya ukuta mwingine, vali ingetema huko mchana na usiku bila kumsumbua mtu. Mpira upo, umening'inia kwenye msumari juu ya kiti changu. Nimeutazama kila siku kwa miaka.

Najua kwa nini sikuufikiria. Mpira ungefanya kazi ile bila mimi. Nilitaka kuwa na kitu kimoja kila mchana ninachowafanyia watu kwa mkono wangu, hata kama hawajui. Niliifunga ile koki wasije wakahama barazani kwangu. Hiyo ndiyo heshima yangu yote kwa swala yao, nikiiandika bila kuipamba.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Misa ya kwanza, kisha ndizi na maharage. Nilijipanga kwenda kuungama, nikaona foleni ni ndefu, nikarudi nyumbani. Foleni haikuwa ndefu.

Jumanne, 22 Aprili

Lita ishirini na saba. Sijawahi kuona namba hiyo.

Jumanne, 29 Aprili

Lita ishirini na tano. Salumu hakuja kazini. Homa, wanasema.

Jumanne, 6 Mei

Maji: lita ishirini na tatu.

Vaileth alikuja kuchukua fomu za Aprili. Akiwa anazikunja alisema, kama mtu anayetoa habari ya kawaida, kwamba Mzee Salumu ameandika barua ya kuacha kazi. Siku yake ya mwisho ni Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe kumi na tano. Mikono imebabuka, kifua kinambana. Akasema inasikitisha mtu kumaliza hivyo, baada ya miaka yote ile, faili lake la mwisho lina vile vitanda thelathini na sita.

Nilimwambia kweli inasikitisha. Hayo ndiyo niliyoyasema.

Alhamisi, 8 Mei

Lita ishirini na mbili. Siku saba zimebaki. Nimeandika barua kwa Vaileth, nikaichana. Halafu nikaona kwamba kabla ya Vaileth kuna mtu mwingine wa kuambiwa.

Jumapili, 11 Mei

Leo nimekwenda Mbagala kwa Salumu, nikiwa na kontena lao mkononi. Nilitia humo kahawa ya kwetu, zile buni za kutafuna, maana si vizuri kurudisha chombo kitupu.

Mama Chausiku alinipokea kwa vifijo kama ndugu aliyepotea, akaniketisha sebuleni, akaleta chai ya tangawizi na mihogo. Salumu alikuwa kwenye kiti, mikono yake imepakwa mafuta na kulazwa juu ya magoti, viganja juu. Ngozi ya vidole ilikuwa inabanduka. Mama Chausiku alitutazama mmoja baada ya mwingine, akasema ana nguo za kuanua, akatoka, ingawa mvua ilikuwa inanyesha toka asubuhi.

Nikamwambia yote. Koki, simu ya Hope, gunia, maji ya rangi ya chai, fomu. Sikuruka kitu. Nilisema nikitazama chai. Nilipomaliza akasema, "Nilijua."

Nikamuuliza alijua nini.

"Tangu asubuhi ile walipofungua tanuri. Kipele cha mafuta kina sura yake, cha maji kina yake. Nikakipulizia kioo ile hewa iliyobaki kwenye mpira, kikalowa chote. Na kwamba unafunga koki tukiswali, hilo nililijua toka siku ya kwanza."

"Sasa kwa nini hukusema, mzee?"

Alisema angetaja maji, wangekuja kwangu, wangeuliza koki ilifungwa kwa nini, nami ningesema ni kwa ajili ya swala. Basi ingekuwa swala ndiyo iliyoharibu vitanda, na wale vijana kumi wasingekuwa na pa kuswalia tena. Halafu akasema kwamba na yeye ana lake. Hewa alipima asubuhi tu, mchana hakupima, na mvua ile ilitosha kumkumbusha.

"Ila haya yote ningeyasema mbele yako tu," akasema. "Nilikuwa nangoja uje. Usiende kwao. Uje kwangu mie. Nikaweka na pilau pale, nikasema labda atakuja kurudisha chombo."

Chombo kilikuwa juu ya meza kati yetu. Nilikaa nacho siku thelathini na tisa. Nililia, niandike hivyo hivyo, nililia mbele ya mtu ambaye ndiye aliyebabuka mikono. Aliniacha nimalize.

Nikamuuliza swali lililobaki, kama ule mlio wa vali kweli uliwahi kuwasumbua. Hapo akacheka, akakohoa, akacheka tena.

"Fundi Reve, mie na ule mlio miaka ishirini na tatu. Ukilia najua hewa yangu inakaushwa, natulia. Ulipoufunga ndipo nilipopata tabu. Nimesimama mbele ya Mola wangu, masikio yako kwenye tangi lako. Mwezi mzima ule nilikuwa naswali huku nahesabu dakika nne."

Jumatatu, 12 Mei

Maji: lita ishirini na moja.

Saa mbili kamili nilikuwa ofisini kwa Vaileth. Nilimpa daftari hili, nikamfungulia ukurasa wa tarehe 25 Machi, nikasimama wakati anasoma. Alisoma mara mbili. Akainua uso, akaniuliza, "Baba Hope, mbona siku ile hukusema?" Nikamwambia niliogopa. Nilikuwa na majibu marefu zaidi, yote yalikuwa yale yale.

Alikasirika, ana haki. Nimepewa barua ya onyo la mwisho, na fomu ya ukutani sasa itasainiwa na watu wawili. Lakini nilipotoka nilimsikia anapiga simu juu ya feni ya draya, na sauti yake haikuwa ya kutabasamu. Suala la watu kuswali kazini hakuligusa. Nilimwomba hilo kabla ya yote.

Jumatano, 14 Mei

Lita ishirini. Vaileth aliitisha kikao uani, palepale. Alisema mbele ya watu wote kwamba vile vitanda havikuwa kosa la Mzee Salumu, na kwamba yeye mwenyewe anamwomba radhi kwa maneno ya mfungo. Kisha akanitaja mimi. Watu waligeuka. Macho ya watu yana uzito wake, lakini nilisimama bila kuinama. Salumu aliombwa arudi kwenye bunduki. Alishukuru, akainua mikono yake wakaiona. Kidole cha kufyatua bunduki hakikunjiki tena. Akasema atakwenda kesho kama alivyoandika.

Alhamisi, 15 Mei

Maji: lita ishirini.

Nilikuwa najua kwamba leo ni siku yake, nikajua pia kwamba wenzake wanamwandalia soda stoo na kwamba adhuhuri ataswalia huko, pamoja nao. Saa saba kasorobo nikasikia mkeka unatandikwa nyuma ya ukuta wangu. Alikuwa peke yake.

Nilikaa kwenye kiti, mikono nimeiweka mapajani kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu. Koki ilikuwa wazi. Vali ikatema: shaaa. Nikachungulia. Alikuwa ameinama, hakutikisika. Ikatema tena akiwa amesujudu. Alimaliza taratibu, akatoa salamu kulia na kushoto, akakaa kidogo. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyepumzika.

Alipokuja dirishani nilimwamkia, akaitikia. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kioo, akakiweka kwenye kizingiti.

"Jamali hana subira nacho," akasema. "Kaa nacho wewe. Asubuhi na mchana. Mchana usisahau."

Nikamwambia sitasahau. Akaniambia Mbagala si mbali na Chamazi. Nikasema si mbali. Kisha wenzake wakaja kumchukua.

Jumatatu, 19 Mei

Maji: lita kumi na tisa. Mvua imekatika. Draya imefungwa feni mpya, inanguruma vizuri.

Saa mbili na robo nilikipulizia kioo hewa kwa muda, nikakipeleka kwenye mwanga. Hakina ukungu, hakina kitone. Nikatoka nacho mpaka katikati ya uani, nikakiinua juu kuelekea dirisha la kibanda changu, kama alivyokuwa anafanya yeye. Ndani hapakuwa na mtu wa kukiona.

Saa nane mchana nimepima tena. Kikavu. Jumapili nakwenda Mbagala.